Mwanangu yuko tripu ya kwanza: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu na usafiri

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mkurugenzi Mkuu wa LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini. Na wamiliki na wakuu wote wa shule zenye magari ya kubeba wanafunzi.

YAH: MUDA WA MAGARI YA SHULE KUWACHUKUA WATOTO WADOGO

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mnaostahili kuamkiwa, na habari za kazi kwa walio rika langu.

Mimi ni baba wa watoto wawili, mkazi wa Madale, Dar es Salaam. Kifungua mimba ni binti wa miaka minane, yuko darasa la tatu. Kitinda mimba ana miaka mitano, yuko chekechea. Mama yao ni muuguzi, na zile wiki anazoingia zamu ya usiku asubuhi yote inakuwa yangu: kuamsha, kuvalisha, kufunga vyakula, kusimama getini. Naiita asubuhi kwa mazoea tu. Simu yangu inalia saa 10 na dakika 10 usiku.

Naanza na dada mtu, maana yeye ukimgusa bega anakaa. Mdogo haamki. Nimejaribu kumwimbia, nimejaribu kuwasha taa, nimejaribu kitambaa cha maji ya uvuguvugu usoni. Siku hizi nimeacha, namvalisha amelala. Una ufundi wake: shati kwanza, uanze na mkono ule alioulalia, kaptula ifuate, soksi ziwe za mwisho kabisa, kwa sababu ndizo zinazomkera, na akianza kulia mtaa mzima unajua kwamba baba yuko zamu. Kuoga tulishahamishia usiku. Uji hanywi, na simlaumu. Nani mwenye hamu ya uji saa 10 na nusu usiku? Naumimina kwenye kichupa, anti wa gari ampe akizinduka njiani. Jioni kichupa kinarudi na uji wake, umechacha.

Saa 11 kasoro dakika 10 taa za gari zinakata kona ya duka la mangi. Nje giza totoro. Kuna miezi adhana ya Alfajiri inatukuta getini, na kuna miezi gari linapita kabla mwadhini hajapanda kwenye kipaza sauti. Namkabidhi anti yule mtoto kama watu wanavyokabidhi kifurushi kwenye basi la mkoani: kichwa upande huu, begi upande ule, na neno la "mwangalie huyu, kwenye matuta anateleza." Ndani wako wengine waliotangulia, midomo wazi, vichwa vinagonga vioo kila gari linapokanyaga shimo. Hakuna anayeongea. Gari la watoto lisilo na kelele lingepaswa kututisha sisi wote, ila tumeshalizoea.

Kwa muda mrefu nililaumu foleni, kama kila mtu wa mji huu. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 kwenye mkoa mmoja, na asubuhi ni kama wote tunaelekea upande mmoja. Basi nikajiambia, mtoto anaamshwa mapema ili awahi kabla barabara haijafunga. Nikaridhika hivyo mwaka mzima.

Kilichonitoa usingizini ni sweta. Jumatatu moja mdogo aliliacha kitandani, ilikuwa Julai na kibaridi, nikaona nilifuate gari kwa pikipiki nimpe. Nililikuta limeshatoka Goba, linateremkia Makongo huku likiendelea kuzoa watoto kituo kwa kituo. Nikasema si neno, nitampa shuleni. Tukafika saa 12 na dakika 5. Geti likafunguliwa, watoto wakashushwa, wakubwa wakiwashika mkono wadogo. Nikatafuta mwalimu wa kumwachia sweta. Hakuna mwalimu. Alikuwepo mlinzi, mzee wa makamo, anafagia majani chini ya mwarobaini. Nikamwamkia, akanionyesha barazani kwa ufagio.

Walikuwa wamejipanga kando ya ukuta, wamekalia sakafu, mabegi yamegeuzwa mito. Ungedhani ni abiria wa meli iliyochelewa. Wa kwangu alikuwa amelala kichwa kikiwa kwenye paja la dada yake, na dada mtu naye anasinzia, shingo imening'inia. Nikauliza darasa linafunguliwa saa ngapi. Mzee akanijibu bila kuacha kufagia: "Saa moja na nusu, mzazi. Hawa ni wa tripu ya kwanza."

Nikarudi getini, gari likawa linageuza. Nikamuuliza dereva anaelekea wapi. Kuchukua tripu ya pili: Sinza, Kijitonyama, Makumbusho. Anarudi nayo saa moja na robo. "Magari ni mawili, mzazi, tripu ni nne," akaniambia, na alisema kwa upole, maana naye huwa ameamka kabla ya wanangu. "Wa mbali lazima watangulie."

Waheshimiwa, hapo ndipo nilipoelewa. Foleni ipo, siikatai. Lakini mwanangu haamshwi saa 10 usiku kwa ajili ya foleni. Anaamshwa ili gari lipate nafasi ya kwenda kufanya kazi ya gari jingine ambalo halikununuliwa. Kila siku ya shule anakaa barazani saa nzima na dakika 25 akisubiri wenzake ambao muda yeye anapanda gari walikuwa bado hawajajigeuza upande wa pili wa mto. Usingizi wake ndio unaolipia basi.

Nimezungumza na wazazi wa shule nyingine, za Kimara, za Tabata, za Mbagala. Wengi hawakuwahi kufuatilia gari, na mimi pia nisingefuatilia lisingekuwepo lile sweta. Waliofuatilia wana simulizi ileile: tripu mbili, wa mbali kwanza. Sitaji shule yetu, kwa sababu sijaiona kuwa mbaya kuliko nyingine. Walimu wake nawapenda. Na sijaona kanuni inayowabana. Ndiyo maana barua hii nimeileta kwenu.

Kazi yangu ni ya hesabu. Ni mhasibu wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo mtaniwia radhi nikipiga mahesabu kidogo. Gari linamchukua saa 11 kasoro dakika 10 alfajiri. Chekechea wanamaliza masomo saa 8 mchana, lakini wanawasubiri wakubwa, kwa sababu ya tripu zilezile, na anashuka getini kwetu saa 11 na dakika 10 jioni. Hizo ni saa 12 na dakika 20. Kwa wiki ni zaidi ya saa 61.

Kila mwisho wa mwezi mimi ndiye ninayeandaa mishahara, kwa hiyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 naijua kuliko ninavyojua tenzi. Inasema saa za kawaida za mfanyakazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Inasema usiku ni kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na anayefanya kazi ndani ya muda huo aongezewe asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kisha inakataza kabisa kumfanyisha kazi za usiku mtu aliye chini ya miaka 18. Nililisoma hilo mara mbili siku ile nilipotoka kupeleka sweta. Najua, mtaniambia shule si ajira. Sawa. Lakini sheria yetu wenyewe imeshaamua kwamba saa 11 kasoro alfajiri bado ni usiku, na kwamba usiku si wa watoto. Kijana wa miaka 17 siruhusiwi kumpangia zamu ya kupakua saruji saa hiyo. Wa miaka mitano yuko barabarani na begi.

Upande wa usingizi wenyewe sina haja ya kuwafundisha, wataalamu mnao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na kile kiusingizi cha mchana. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani, mwaka 2016, waliweka kiasi hichohicho mpaka miaka mitano, na saa 9 hadi 12 kwa wa miaka sita mpaka kumi na miwili. Wa kwangu anapata saa 7 na dakika 35, ukiondoa alizolala kwenye kioo cha gari.

Kwa nini tusiwalaze mapema? Swali hilo nimeulizwa na mama yangu mzazi, nimeulizwa na mwalimu wa chekechea, nimejiuliza mwenyewe. Ili mdogo apate saa 10 kamili, itabidi awe kitandani saa 12 na dakika 20 jioni. Kwenye gari ameshuka saa 11 na dakika 10. Katikati hapo aoge, ale, aandike herufi "a" mistari ishirini (ndiyo, chekechea, na inasahihishwa kwa kalamu nyekundu), kisha avute shuka jua halijazama vizuri, wenzake wa mtaani wanacheza mdako nje ya dirisha lake. Mimi duka linafunga saa 12, nafika nyumbani saa 2 usiku. Nikitii mwongozo huo, wanangu watanijua kwa picha.

Kwa hiyo wananisubiri. Saa 2 usiku pikipiki ikikata kona nawasikia wanakimbia na ndala kubwa za mama yao. Tunakula pamoja, yule mkubwa ananisimulia ugomvi wa foleni ya maji, mdogo anapanda mgongoni nikiwa bado na helmeti kichwani. Ni dakika 45. Dada wa kazi ananiangalia kwa jicho la "baba, hawa watoto walale," na dada yuko sahihi. Kila dakika ninayocheza nao naikopa kwenye usingizi wao, na deni analipa mtoto.

Mwezi wa tatu lilitokea jambo ambalo mama yao hajalisahau. Jioni ya saa 11 na robo gari likafika, dada mtu akashuka peke yake. Analia. Siku hiyo alikuwa amekaa mbele na rafiki zake, na alipoangalia nyuma hakumwona mdogo wake, akadhani ameshuka na anti. Anti akadhani yuko na dada yake. Walimkuta chini ya kiti cha nyuma kabisa, ameteleza akiwa amelala fofofo, kandambili moja mguuni. Ni dakika tatu tu, na gari lilikuwa bado liko pale pale mbele ya geti. Lakini hizo dakika tatu sitaki kuzisimulia zaidi. Mlishaagiza kila gari la shule liwe na mhudumu wa kike na wa kiume, na agizo hilo ni zuri. La kwetu lina mmoja. Ila hata wangekuwa wanne, mtoto asiyelala vya kutosha ataangukia chini ya kiti tu.

Nawapa haki yenu pale mlipostahili. Mwaka 2023 Wizara ilitoa waraka kusitisha bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Hoja ilikuwa kwamba mtoto mdogo alelewe na familia yake. Mtaani kwetu wapo waliolalamika, na sababu yao ya kupeleka bweni mtoto wa darasa la kwanza ilikuwa hiihii ya gari: heri alale hukohuko shule kuliko kuamshwa usiku. Mimi niliuunga mkono waraka. Bado nauunga. Ila mmemrudisha mtoto nyumbani, na nyumbani anakaa macho na wazazi wake dakika 45. Kazi imebaki nusu.

Sasa na mimi nijisemee kabla hamjanisemea. "Nani alikutuma umpeleke mtoto shule ya mbali?" Nilijituma. Tulikuwa tumepanga Sinza, shule ilikuwa karibu, binti akaanza pale. Kisha tukapata kiwanja Madale, tukajenga kidogokidogo kama wote mnavyojua, tukahamia nyumba haina dari. Tulihama, shule haikuhama. Ningeweza kumhamisha mtoto. Shule ya msingi ya serikali iko mwendo wa dakika 15 kwa miguu, nilikwenda, nikachungulia darasa la awali. Mwongozo wa Serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Nilihesabu madirishani mpaka 90 nikaacha, maana wengine walikuwa wanatembea. Tangu elimu bila ada ilipoanza 2016 watoto wameingia shule kwa wingi, na hilo ni jambo jema, lakini madarasa na walimu bado wanakimbizana nao. Niliogopa. Na nikisema ukweli wote, kulikuwa na majivuno kidogo pia. Sare ya shule ile inapendeza.

Msichukulie kwamba kilio hiki ni cha wenye uwezo wa ada. Mtoto wa jirani yangu anasoma shule ya serikali ya mbali kidogo, na anaondoka kabla hakujapambazuka kwa sababu nyingine: nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, na konda anayetaka hesabu itimie haoni sababu ya kumpakia. Anasimama kituoni, daladala tatu zinampita, ya nne inamchukua akakae kwenye boneti. Mama yake amejifunza kumwamsha mapema ili apate muda wa kukataliwa.

Ninachoomba ni kimoja, na nimekipunguza mpaka kimekuwa kidogo. Gari la shule lisimchukue mtoto wa awali, wa darasa la kwanza au wa la pili kabla ya saa 12 asubuhi. Muda huo uandikwe kwenye leseni ya gari, kama mnavyokagua breki na matairi, na ratiba ya vituo ibandikwe kwenye kioo ili askari wa barabarani aione. Anayeanza saa 11 kasoro, aulizwe.

Shule zitasema haiwezekani, magari hayatoshi. Nilimpigia hesabu mkuu wa shule yetu kwenye kikao cha wazazi, nitawapigia na ninyi. Tripu ya kwanza ibebe wakubwa. Tripu ya pili iwarudie wadogo, wa mbali na wa karibu. Kwa foleni ilivyo watafika saa 3 kasoro robo. Basi chekechea waanze saa 3. Wanamaliza saa 8 mchana, bado wana saa tano za kuimba, kuchora na kula. Gari ni lilelile, dereva ni yuleyule; kinachoongezeka ni dizeli ya kumrudisha Madale. Ada ya gari ikipanda tutalalamika kwenye grupu la wazazi, mimi nikiwa wa kwanza, kisha tutalipa. Mkuu wa shule alisikiliza vizuri, akaandika kwenye daftari. Akasema shule moja ikianza saa 3 peke yake, wazazi wengine wataona watoto wao wanachelewa masomo, watahamia shule jirani. Nilimwelewa. Ndiyo sababu naandika kwa mnaoweza kuziambia shule zote kwa siku moja.

Binti yangu aliisoma barua hii begani kwangu nilipofika hapo kwenye darasa la pili. Akauliza, "Na mimi je?" Nikamwambia baba anaanza na wadogo, nikiomba yote nitanyimwa yote. Hakuridhika. Kwa hiyo naandika hapa, kwa niaba yake, kwamba darasa la tatu nao ni watoto, na ana shingo inayomuuma kila Ijumaa.

Karibuni Madale. Siandai mapokezi, nitakuwa na chupa ya chai ya tangawizi na maandazi ya jana. Ni ile kona ya duka la mangi, siku yoyote ya shule, saa 11 kasoro robo. Mvae sweta.

Wenu,
Baba wa wawili, tripu ya kwanza
Madale, Dar es Salaam